KONA YA FUNDI: Injini Mgeni na Nafasi Yake



Mwaka uliopita ukurasa huu ulikuwa wa rejeta na joto la kiangazi. Mwaka huu nimeulizwa swali moja na nyumba nne mbalimbali, mbili za hapa Qatar, moja ya Maskati na moja ya Mombasa. Kila nyumba imeuliza kwa maneno yake, lakini swali ni lile lile: "Tumebadilisha injini, inawaka vizuri, ina nguvu, lakini kuna kitu kinagonga." Mwengine kasema kinasugua. Mwengine kasema kinanuka. Basi nimeona bora niwajibu nyote kwa pamoja, ili na yule ambaye bado hajabadilisha ajue la kufanya kabla hajatoa fedha zake.

Nawaomba akina mama wasiupite ukurasa huu wakidhani ni wa mafundi tu. Aghalabu aliyekaa nyuma pamoja na watoto ndiye wa kwanza kusikia harufu, na sikio lake ni zuri kuliko la dereva aliyekwisha kuzoea kelele za gari lake.

KWA NINI INJINI NYINGINE

Sisi ni watu wa kuweka vitu. Land Cruiser ya umbo la 60, ambayo Toyota iliitengeneza kuanzia 1980 hadi 1990, bado imo katika nyua zetu kadha wa kadha. Bodi lina uhai, chesesi ni nzima, lakini injini yake ya 3F imechoka. Inakula oili, inatoa moshi, na vipuri vyake vinazidi kuwa adimu. Hiyo ni injini ya silinda sita, karibu lita 4, ya karbureta, na valvu zake husukumwa kwa fimbo.

Wengi huitoa na kuweka 1FZ-FE, ambayo Toyota ilianza kuitia katika Land Cruiser mwaka 1992. Nayo ni ya silinda sita, lakini ina sentimita za ujazo 4,477, valvu 24, kemu mbili juu ya hedi, na petroli huingia kwa sindano badala ya karbureta. Nguvu yake inapita farasi 200. Injini zilizotumika za namna hii hununuliwa sana Sharjah, na huko huko ndiko wafanyabiashara wa Mombasa, Dar es Salaam na Unguja wanakokwenda kutafuta zao. Sisi wa Qatar njia ile ilitukatikia Juni 2017, mpaka wa Abu Samra ulipofungwa, mpaka ulipofunguliwa tena Januari 2021. Kwa hiyo yako magari yaliyosimama uani miaka mitatu na nusu, na mpaka ulipofunguliwa watu wakawa na haraka. Na haraka, kama tujuavyo, haina baraka.

INJINI HAIKAI KIMYA

Waswahili tunasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni huyu wa chuma asipopangiwa chumba chake, mwenyeji hataponea hapo. Kiwandani kila kitu kilipewa nafasi yake kwa kufikiriwa. Injini ya pili ina umbo jingine, na ile nafasi iliyobaki kati yake na vitu vingine hakuna aliyeipanga ila wewe na fundi wako.

Kosa la wengi ni kuipima nafasi hiyo gari likiwa limezimwa, limepoa, na limesimama juu ya sakafu. Hapo kila kitu kinaonekana sawa. Gari likitembea kuna mambo matatu yanayobadilika.

Kwanza, injini huegama. Ukikanyaga moto, injini iliyolala kwa urefu wa gari, kama hii, huinuka upande wa kushoto na kulalia upande wa kulia, kwa kuwa mipira inayoibeba hunepa. Ukifunga breki ghafula, husogea mbele kidogo. Mipira ikiwa imezeeka, mwendo huo huzidi.

Pili, ekseli hupanda na kushuka. Katika Land Cruiser 60 ekseli ya mbele ni gogo moja la chuma lililokaa juu ya springi za majani, na injini iko juu yake. Gari likiingia shimoni au likishuka tuta la mchanga, gogo lile hupanda na kuikaribia sampu ya oili.

Tatu, chuma hutanuka kwa joto. Bomba la ekzosi la mita moja likipata joto la digrii 400 zaidi ya lilivyokuwa, hurefuka kwa kiasi cha milimita 5. Nafasi ya unene wa karatasi asubuhi huwa si nafasi tena saa sita mchana. Na tukumbuke tuko wapi. Tarehe 14 Julai 2010 Doha ilipima digrii 50.4 kivulini. Chini ya boneti mpira hauna pa kupumzikia.

HABARI YA GARI LA MAREHEMU SHEMEJI

Sasa nitatoa mfano ambao wengi wenu mnalijua gari lenyewe. Marehemu shemeji yangu, Mungu amrehemu, alilinunua mwaka 1988, na watoto wote watano wa dada yangu wamepelekwa skuli nalo. Mwaka huu mpwa wangu alinunua 1FZ-FE pamoja na giaboksi yake, akaipeleka katika gereji moja ya mjini ikawekwa. Nia ilikuwa kumchukua mama yake kwa gari hilo mpaka Maskati, kwenye nikaha ya mtoto wa dada yetu mkubwa. Ni safari ya kiasi cha kilomita elfu moja, kupitia Abu Samra, Saudia na Imarati. Tarehe ilikwisha kuwekwa.

Wiki mbili na siku chache kabla ya safari wakanijia hapa Al Wukair, Ijumaa baada ya sala, gari limejaa watoto. Mpwa wangu akaniambia, "Mjomba, linanuka petroli kidogo, lakini hatuoni linapovuja. Na likitoka Sealine wiki iliyopita liligonga chini mara mbili."

Nikamwambia, "Zima. Teremsha watoto kwanza, mengine baadaye."

Tulipofungua boneti na kupiga tochi, jambo lilikuwa wazi. Injini ya zamani ilikuwa na karbureta na ekzosi upande mmoja, na pampu ya petroli upande wa pili, wa kulia, ambako hakukuwa na moto. Mpya inavuta hewa kushoto na kutoa moshi kulia. Kwa hiyo upande wa kulia, uliokuwa baridi miaka yote, sasa ndio wenye tanuri, na mpira wa petroli uliachwa ukipita pale pale ulipopita tangu 1988. Ulikuwa umelala juu ya bati la ekzosi. Upande uliogusa umekuwa bapa, unang'aa kama kioo, na ukiukunja unaonyesha nyufa nyembamba.

Tena injini ya sindano haitaki petroli kama ya karbureta. Karbureta hutosheka na msukumo mdogo, chini ya nusu ya ba. Sindano zinataka kiasi cha ba tatu. Mpira wa karbureta ukipasuka hutiririka, lakini huu ukipasuka hurusha petroli kama dawa ya mbu, juu ya chuma chekundu.

Mpwa wangu akasema, "Lakini Mjomba, si walisema imekaa sawasawa?"

"Imekaa sawasawa ikiwa imelala, mwanangu. Ikiamka je?"

Dada yangu alikuwa amesimama barazani anasikiliza. Akasema, "Kaka, mimi gari hili likiungua, nitaona kama nimemzika baba yao mara ya pili. Lakini wakiungua watoto ndani yake, sitakuwa na la kusema tena. Wewe sema tu, tunakwenda nalo au hatwendi?" Nikamwambia nitampa jibu baada ya kupima kila kitu, na mpaka siku hiyo gari halitoki uani kwangu.

YANAYOUA, YANAYOLAZA NJIANI, NA YANAYOKERA

Hapa ndipo pa kuanzia kwa kila mtu. Usianze na kelele inayokusumbua, anza na hatari. Mimi nagawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yanayoua: petroli, breki na usukani. La pili ni yanayokulaza njiani: feni, rejeta, sampu ya oili, propela shafti. La tatu ni yanayokera: bati linalolia, bomba linalotetemeka. Fungu la kwanza likiwa na kasoro hata moja, gari halitembei. La pili, halisafiri mbali. La tatu linaweza kungoja mshahara.

JINSI YA KUPIMA

Tafuta kwanza, kukata kuje baadaye. Nimeona watu wameshika grainda kabla hawajajua kinachogusa ni kipi.

1. Tazama alama. Chuma kilichosuguliwa hung'aa, rangi iliyosuguliwa hutoka, mpira huwa mweusi wa kung'aa. Osha injini, pitisha gari mtaani kwa robo saa, kisha utafute alama mpya. Mahali unapopashuku pake chaki, uendeshe tena, utaona chaki imefutika wapi.

2. Boneti pima kwa unga. Omba jikoni donge la unga uliokandwa wa chapati, uligawe vidonge vinne vinene, uvifunge katika plastiki na kuviweka juu ya sehemu za injini zilizo juu kabisa. Funga boneti polepole mpaka ishike, ifungue, kisha pasua vidonge kwa kisu na upime unene. Usikubali chini ya milimita 25, maana injini itainuka ukikanyaga moto.

3. Feni izungushe kwa mkono, injini imezimwa na waya wa betri umetolewa. Kati ya feni na rejeta itakiwe inchi moja, yaani milimita 25. Tazama pia nafasi kati ya ncha za feni na lile duara la plastiki linaloizunguka, juu, chini na pembeni. Duara limefungwa kwenye rejeta na feni imefungwa kwenye injini, kwa hiyo kimoja hucheza na kingine hakichezi.

4. Sampu pima kwa hesabu. Gari likiwa limesimama kawaida, pima kutoka kwenye kile kipande cha mpira kinachozuia ekseli isipande zaidi mpaka ekseli yenyewe. Halafu pima kutoka sampu mpaka ekseli. Toa cha kwanza katika cha pili. Jibu ndiyo nafasi itakayobaki ekseli ikipanda mpaka juu. Tena mpira ule hubonyea, kwa hiyo jibu lisipungue milimita 25 au 30.

5. Kuegama pima kwa watu wawili. Mmoja ndani, breki ya mguu na ya mkono zimeshikwa, gia ya kwanza, anaachia klachi kidogo sana mpaka injini ianze kuvuta, kisha anaikanyaga tena. Mwengine anasimama ubavuni na tochi, wala asisimame mbele ya gari hata kidogo. Ataona injini inavyoinuka na kitu gani inakikaribia.

6. Usukani uzungushe mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia, mtu akiwa anatazama fimbo ya usukani mwendo wote. Fimbo hiyo isikaribie kitu chochote kwa chini ya unene wa kidole.

DALILI MBILI, SABABU MOJA

Tulipolipima gari la shemeji tulipata hivi. Ncha za feni zilikuwa zinakwaruza duara upande wa chini, na juu kulikuwa na nafasi kubwa. Mpira wa kuzuia ekseli ulikuwa milimita 85 kutoka ekseli, na sampu milimita 95. Maana yake, ekseli ikipanda hubaki milimita 10 tu, na mpira ukibonyea hakuna kitu. Ndiko kule kugonga kwa Sealine, na sampu ilikuwa na kibonyeo cha kuthibitisha. Boneti, kwa vidonge vya unga, ilionyesha milimita 35.

Mpwa wangu alikwisha kuandika orodha: feni ndogo, sampu nyingine, na springi za kuinua gari. Nikamwambia soma vipimo kwanza. Feni inakwaruza chini, sampu iko chini, na juu kuna nafasi ya ziada. Hayo si magonjwa matatu. Injini imekaa chini mno, basi. Vile vibao vya chuma vilivyochomelewa kubebea mipira ya injini vilikuwa vifupi.

Tukatengeneza vibao vya chuma vya milimita 10 tukaviweka chini ya mipira ya pande zote mbili, kwa bolti ndefu zaidi za daraja lile lile la ugumu. Nyuma, chini ya giaboksi, tukainua kiasi kile kile. Jambo hili msilisahau. Ukiinua mbele tu, giaboksi huinama nyuma, na pembe za propela shafti huharibika. Pembe ya shafti kwenye giaboksi na pembe yake kwenye difu zinatakiwa ziwe sawa, moja ikikabili nyingine. Zikitofautiana, gari litatetemeka katika mwendo fulani na viungo vya shafti vitakufa mapema.

Baada ya kuinua, feni ilikaa katikati ya duara. Boneti ilibaki na milimita 25 kamili. Sampu ikawa milimita 105 kutoka ekseli. Tukaongeza kipande cha milimita 15 juu ya mpira wa kuzuia ekseli, kwa hiyo mpira sasa ni milimita 70 kutoka ekseli, na sampu inabakiwa na milimita 35. Orodha ya mpwa wangu yote ikaingia mfukoni, pamoja na fedha zake.

PETROLI NA EKZOSI

Mpira wa petroli hatukuufunika kwa bati wala kuuzungushia kitambaa cha kuzuia moto, ijapokuwa ndivyo wengi wanavyofanya. Kitambaa ni kwa mahali pasipo na njia nyingine. Hapa njia ilikuwapo. Sindano za injini hii ziko kushoto, upande wa hewa, kwa hiyo petroli haina haja hata kidogo ya kupita kulia. Tukaihamisha njia yote, ya kwenda na ya kurudi tangini, ikapita kushoto kwa bomba la chuma, na mpira mfupi mpya wa kuhimili msukumo wa sindano ukawekwa mwishoni tu, pale injini inapocheza na chesesi haichezi. Kila mahali bomba linapopita kwenye bati pamewekwa mpira wa duara, na kila shibiri moja na nusu pana kishikizo. Kushoto kuna buta la breki na fimbo ya usukani, kwa hiyo tulilipima tena bomba dhidi ya hivyo viwili, injini ikiwa imeegama na usukani ukiwa mwisho wa pande zote.

Kanuni yangu ni hii: mpira wowote, waya wowote, bomba lolote la breki, likae angalau milimita 100 mbali na ekzosi. Isipowezekana, liwekwe bati katikati, na bati lenyewe lisiguse upande wowote, kwa sababu hewa iliyo nyuma ya bati ndiyo inayozuia joto. Bati lililogusana na ekzosi ni ekzosi nyingine tu.

Ikabaki shafti ya mbele. Bomba la ekzosi linaposhuka kulia lilikuwa unene wa kidole kutoka propela shafti ya mbele, na ekseli ikipanda shafti nayo hupanda. Dawa yake ni kukata kipande cha bomba na kukipinda upya. Mwenye mashine ya kupinda mabomba alitupa siku ya baada ya nikaha. Hapo dada yangu akaniuliza tena, "Tunakwenda au hatwendi?"

Yanayoua yalikuwa yamekwisha. Lililobaki lilikuwa la fungu la pili, nalo lilikuwa na njia. Land Cruiser 60 huendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, na ya mbele huungwa tu unapotaka. Tukaifungua shafti ya mbele, tukaifunga kwa kamba ndani ya gari nyuma, na nikamwambia mpwa wangu, "Barabara ya lami mpaka Maskati na kurudi. Mchanga hukanyagi, hata wakikuita wenzako." Akasema, "Haya, Mjomba." Kabla ya kuondoka waliliendesha siku nne baina ya Al Wukair na Mesaieed, na kila jioni tulilitazama chini kwa tochi. Wakaenda, nikaha ikafungwa, wakarudi salama, na bomba likapindwa wiki ile ile waliyorudi. Shafti iko mahali pake sasa.

MPANGO WA DAWA

Kwa wengine wenye kelele zao, fuateni mpango huu, wala msiuruke.

Kwanza, hamisha kilicho kidogo. Waya, mpira wa maji, kishikizo, bati. Ni rahisi kuhamisha waya kuliko kuhamisha injini.

Pili, tazama mipira ya injini. Ikiwa imepasuka au imelowa oili, weka mipya kabla hujapima lolote, maana vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo.

Tatu, sogeza injini, kama vipimo vinakuambia kwamba imekaa vibaya. Lakini kila unaposogeza, pima tena yote tangu mwanzo: boneti, feni, sampu, shafti, usukani, klachi, mipira ya maji.

Nne, badilisha kifaa: feni ya umeme badala ya ile inayozungushwa na injini, filta ya oili iliyowekwa pembeni kwa mipira, sampu ya umbo jingine ya injini hiyo hiyo.

Tano, na mwisho kabisa, kata bati la bodi. Bati tu, na ukingo wake ukunjwe na upakwe rangi.

YASIYOFAA ABADANI

Usikate wala usitoboe chesesi mahali penye uzito bila ya mtu anayeijua kazi hiyo. Usinoe fimbo ya usukani kwa grainda ili ipite. Usichomelee ekseli kipande cha kuizuia. Usiingize kipande cha ubao au cha tairi kati ya injini na chesesi ili kelele iishe. Kelele itaisha, lakini mtetemo wote utahamia kwenye kipande hicho, na bolti zitakatika mahali pengine. Usilibonde bomba la ekzosi kwa nyundo mpaka likawa bapa, kwani injini isiyotoa moshi wake vizuri huzidisha joto, na joto ndilo tunalolikimbia. Wala usiinue gari juu kwa springi ndefu kwa sababu tu sampu inagonga, kabla hujajua kwa nini inagonga.

Na neno moja la karatasi. Nambari ya injini imo katika hati za gari. Kabla ya kununua injini, ulizieni kwa idara ya trafiki ya nchi mliyopo taratibu za kuibadilisha, na mhifadhi risiti ya ununuzi. Injini isiyo na karatasi ni balaa mpakani, hata ikiwa imekaa vizuri namna gani.

USIPOZIBA UFA

Nyumba ya Mombasa iliniandikia kwamba kelele yao ni ndogo tu, kama saa ya ukutani, na husikika asubuhi pekee, kisha hupotea gari likipata moto. Nawajibu hapa: kelele inayopotea kwa joto haijapona. Kuna kitu kimetanuka kikakaza, au kimesogea kikagusana moja kwa moja, na pale kinapokaza ndipo kinapolika. Tazameni viungo vya ekzosi kwanza, halafu bati lake. Nyumba ya Maskati, yenu inayosikika mkiachia klachi, ni mipira ya injini mpaka itakapothibitika vinginevyo. Jirani yangu wa hapa Al Wukair, feni yako nimekwisha kuisikia kutoka barazani kwangu. Njoo na unga wako Ijumaa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa gari ni ile alama ndogo inayong'aa juu ya mpira mweusi. Itazameni kila mnapopima oili.

Mwakani, Mungu akitujaalia uhai, ukurasa huu utakuwa wa breki za magari ya zamani: ngoma, mabomba na ile oili yake ambayo watu huisahau miaka kumi. Wenye maswali wayapeleke kwa watayarishaji wa kitabu hiki kabla ya Ramadhani, na waandike aina ya gari na mwaka wake, maana "gari langu linalia" peke yake hainipi pa kushika.

Wasalaam.